Wimbo Usiofungwa: Utunzi na Utunzi-Upya wa Benga katika Kitui na Makueni

Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa nyimbo katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki umekuwa uhakiki wa maneno yaliyokwisha kuandikwa. Wimbo huletwa darasani ukiwa umenakiliwa katika karatasi, umepangwa kwa mistari na beti, na kando yake pana tafsiri. Mwanafunzi huulizwa juu ya dhamira, taswira na takriri, naye hujibu. Ni nadra kuulizwa namna wimbo ulivyofikia hali hiyo: nani aliyetoa neno la kwanza, nani aliyelikataa, gitaa lipi lililomlazimisha mwimbaji kuufupisha mstari, na ni watu gani waliokuwa wakicheza ubeti wa tatu ulipozaliwa. Maswali haya huonekana kuwa ya wanamuziki, wala si ya wahakiki.

Hata hivyo, Ukambani maswali hayo hayaepukiki. Katika kumbi za Kitui na Makueni wimbo wa bendi huendelea kutungwa baada ya kurekodiwa, na mara nyingine baada ya kufariki kwake yeye aliyeurekodi. Bendi changa huuchukua wimbo mashuhuri, huushusha au kuupandisha sauti, huubadilishia majina, huuongezea ubeti, huuhamishia katika Kiswahili, kisha huurudisha kwa wachezaji ambao wanaujua wa awali kwa moyo. Hoja ya makala haya ni kwamba kuutazama utunzi wa bendi na kuutazama utunzi-upya wa wimbo wake ni kutazama tendo moja. Anayevitenganisha viwili hivyo hupotewa na sehemu kubwa ya maana, na aghalabu huishia kumnyima haki mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Ngũi na kundi lake

Mapokeo ya jambo hili ni ya zamani kuliko gitaa. Katika ngoma za Wakamba mtunzi na kiongozi wa wimbo huitwa ngũi. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti Ukambani mwanzoni mwa karne ya 20, alikwisha kuandika juu ya nyimbo za ngoma na watunzi wake. Ngũi hutanguliza, kundi hupokea. Lakini kupokea huko si mwangwi mtupu. Kundi likiuchelewesha mwitikio, ngũi hujua kwamba mstari haukupendeza. Likiukamata kwa nguvu, yeye huurudia, huuzungusha na kuuongezea jina la mtu aliyepo, amsifu au amkejeli. Kwa hiyo wimbo una mwenyewe, na wakati huohuo una washirika ambao bila wao usingekuwapo.

Nadharia za fasihi simulizi zimelieleza jambo hili kwa njia mbalimbali. Albert Lord, katika kitabu chake cha 1960 juu ya waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, alishikilia kwamba kila uimbaji ni utungaji, na kwamba kutafuta matini asilia moja nyuma ya uimbaji wote ni kutafuta kisichokuwapo. Ruth Finnegan, mwaka 1970, aliwakumbusha wasomi wa Afrika kwamba utendaji ndio uhai wa fasihi hii. Naye M. M. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, aliupa muktadha nafasi ya kati katika uainishaji wake. Pamoja na hayo yote, nadharia hizo zimetumiwa zaidi kwa tendi, ngano na nyimbo za jadi. Wimbo wa bendi, kwa kuwa umo katika santuri, huhesabiwa kuwa umekwisha kufungwa. Dhana hiyo ndiyo inayohitaji kupimwa.

Gitaa la benga liliingia Ukambani katika miaka ya 1970, likitokea magharibi mwa Kenya, ambako wapigaji wa Kijaluo walikuwa wamekwisha kuyahamishia magitaa sauti ya nyatiti. Wakamba waliipokea benga kwa masharti yao. Ngoma kubwa ya mguu ilipewa kazi ya kupiga kila pigo bila kuruka, na gitaa la solo likapewa mahadhi mafupi yanayorudiwarudiwa kama mwitikio wa kundi la ngoma. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Onesmus Musyoki na Kalambya Boys walisikika mbali sana na vijiji vyao. Majina ya bendi nyingine, kama vile Lower Mbooni Boys na Super Kaiti, yamebeba milima na mito ya Makueni yenyewe. Mtu akitazama kwa makini ataona kwamba mgawanyo wa kazi katika bendi hizi ni ule wa ngũi na kundi: sauti hutanguliza, solo hupokea, gitaa la pili na besi hushikilia uwanja, nao wachezaji hutoa hukumu.

Pande mbili za santuri

Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa na pande mbili, na kila upande haukuweza kubeba zaidi ya dakika chache. Kwa sababu hiyo wimbo mmoja wa benga ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza aghalabu ulibeba beti. Upande wa pili uliwaachia wapiga magitaa nafasi ya kukimbia, sauti ikiingia hapa na pale kuwataja wapigaji, marafiki na wafadhili. Mwanafunzi anayenakili maneno hutumia kurasa mbili kwa upande wa kwanza na mistari michache tu kwa upande wa pili. Katika ukumbi uwiano huo hugeuka. Beti huimbwa haraka, kisha sehemu ya magitaa huchukua robo saa au zaidi, na humo ndimo wachezaji wanamopata walichokifuata.

Upande wa pili, basi, ndio unaoonyesha kwamba hata siku ya kurekodiwa wimbo haukuwa umefungwa. Ulikatwa tu, kwa kuwa nafasi ya plastiki ilikwisha.

Zipo bendi za dunia ambazo utunzi wao ulihifadhiwa kwa namna ambayo Kilimambogo Brothers na Kalambya Boys hawakuipata. Mnamo Januari 1969 wapiga picha waliwafuata The Beatles katika mazoezi yao mjini London, na kutokana na takribani saa 60 za picha hizo Peter Jackson alitengeneza filamu ya karibu saa 8, iliyotolewa 2021. Mtazamaji humwona Paul McCartney akikwaruza gitaa lisilo na maneno, na kidogo kidogo wimbo "Get Back" unatokea. Hujifunza pia kwamba katika hatua za awali wimbo huo ulikuwa na mistari ya kuwakejeli waliowachukia wahamiaji nchini Uingereza, na kwamba mistari hiyo ilitupwa. Anayeusikiliza wimbo uliokamilika hawezi kulijua hilo. Jambo jingine linalofaa kuangaliwa ni lebo ya santuri: wapigaji walitajwa kuwa The Beatles pamoja na Billy Preston, mpiga kinanda waliyemwalika, ilhali watunzi waliotajwa ni Lennon na McCartney peke yao. Huyo mgeni, ambaye kinanda chake ni sehemu ya wimbo kwa kila anayeukumbuka, alipewa heshima ya mpigaji na kunyimwa ile ya mtunzi.

Ukambani hakukuwa na kamera ya namna hiyo. Lakini kilichokosekana katika filamu kinapatikana katika kumbi, maana utunzi wenyewe haujakoma. Anayetaka kuutazama hana haja ya kumbukumbu za studio; yampasa kuwahi mapema, kabla jenereta haijawashwa kwa ajili ya ngoma ya usiku.

Alasiri moja Wote

Mfano wa mtazamaji wa aina hiyo ni mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Kitui, aliyevuka mto Athi kwenda Wote akiwa na daftari na kinasa sauti. Alikusudia kunakili maneno ya nyimbo za bendi ndogo ya huko. Alipofika aliikuta bendi katika mazoezi, ikiushughulikia wimbo "Katelina" ambao Kalambya Sisters, wakisindikizwa na Kalambya Boys, waliufanya maarufu katika miaka ya 1980. Wimbo huo unasimulia kwa mzaha habari za msichana apendaye uki, pombe ya kienyeji, na ambaye ulevi wake humletea mimba mwaka baada ya mwaka.

Tatizo la kwanza halikuwa la maneno. Kalambya Sisters waliimba kwa sauti nyembamba za juu, na bendi hii iliongozwa na mwanamume wa makamo. Ilibidi wimbo ushushwe. Ulipokwisha kushushwa, vidole vya mpiga solo havikuweza tena kufuata njia ileile juu ya nyuzi. Nota moja ya chini ilikosa uzi tupu wa kuishikilia. Alijaribu mara tatu, kisha akaiacha nota hiyo na kuijaza nafasi yake kwa kurudia nota ya juu mara mbili. Mpiga besi, aliyekuwa kimya hadi hapo, akaisogeza besi yake kuzifuata nota hizo mbili. Mpiga ngoma akatikisa kichwa kukubali. Katika muda wa dakika kumi mahadhi ya wimbo mashuhuri yalikuwa yamepata kiungo kipya, na hakuna aliyesema kwamba ametunga.

Mwanafunzi alimwuliza mpiga solo, "Mzee, hapo umeubadilisha wimbo?"

"Sijaubadilisha, kijana wangu," alijibu. "Umekataa kupita mlango ule, nikaufungulia mwingine."

Jibu hilo lina nadharia ndani yake. Kwa mpiga gitaa huyu wimbo ni kitu chenye matakwa yake, na kazi ya fundi ni kuutafutia njia. Haoni kwamba yupo mwenye wimbo wa kuombwa ruhusa, wala haoni kwamba yeye mwenyewe ameongeza chochote. Unyenyekevu huo unapendeza, lakini ndio pia unaomfanya asionekane.

Tatizo la pili lilikuwa la maana. "Katelina" ikiimbwa na wanawake huweza kusikika kama utani wa wanawake juu ya mwenzao, wenye onyo ndani yake na labda huruma. Jina lenyewe linachekesha kabla ya kisa kuanza. Katelina ni Katerina, jina la ubatizo lililopita katika vinywa visivyo na sauti ya r. Ni jina la kanisani lililowekwa kando ya kibuyu cha uki. Maneno hayohayo yakitoka katika kinywa cha mwanamume wa makamo, mbele ya wanaume wenzake wenye chupa mikononi, kicheko huhama mahali. Msichana huwa mshtakiwa, na ukumbi huwa baraza la wazee.

Katika mazoezi hayo alikuwamo mwanamke mmoja aliyeitikia. Wimbo uliporudiwa mara ya pili aliacha kuitikia. Kiongozi alipomwuliza sababu, alisema kwamba yeye hawezi kumcheka Katelina peke yake; uki haujinunui. Wanaume walicheka, kisha wakanyamaza. Majadiliano yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko yale ya nota ya chini. Mpiga besi alihofia kwamba wachezaji wangechukizwa wimbo wanaoujua ukiharibiwa. Kiongozi alihofia walipaji. Mwishowe walikubaliana kwamba beti zibaki kama zilivyo, lakini magitaa yakianza kukimbia mwanamke aingie na mstari wake mmoja, swali la kuuliza ni nani aliyenunua uki.

Usiku alifanya hivyo. Aliliimba swali hilo akiwa ameuelekea upande wa kaunta, na akalirudia hadi wanawake waliokuwa wakicheza walipolichukua kuwa kiitikio. Kwa muda wa robo saa wimbo uliokuwa shtaka la msichana uligeuka ukawa shtaka la wanunuzi wa uki. Hakuna mstari wa beti uliofutwa. Yaliyobadilika ni anayeuliza na anayetakiwa kujibu.

Mhakiki ambaye angefika baada ya hapo na kuomba maneno ya wimbo angepewa beti zilezile za zamani, kwa kuwa ndizo "maneno". Swali la kaunta lisingetajwa. Lilikuwa katika upande wa pili, upande ambao haunakiliwi.

Nafasi ya jina

Jambo jingine aliloliona mwanafunzi huyo ni biashara ya majina. Katika benga kutajwa kwa jina la mtu ni sehemu ya utunzi. Katika santuri majina hayo yamekwisha kuganda: mfanyabiashara aliyesifiwa zamani anaendelea kusifiwa hata kama duka lake limefungwa. Katika ukumbi nafasi ya jina huachwa wazi. Mtu husogea jukwaani, hutoa noti, hunong'ona, na baada ya mapigo machache jina lake limo ndani ya wimbo mashuhuri, limekalia kiti cha mtu mwingine.

Ni rahisi kuliona jambo hili kuwa uharibifu wa sanaa unaoletwa na fedha. Lakini ngũi naye alitaja majina, na waliotajwa walimtunza. Linalostahili kuchunguzwa na mhakiki ni ufundi wa kuliingiza jina. Majina hayalingani kwa urefu. Jina la silabi mbili huacha pengo ambalo gitaa hulijaza. Jina la silabi tano humlazimisha mwimbaji kuanza mapema, juu ya mwisho wa mstari uliotangulia. Mtu wa Kitui akitajwa Makueni, mwimbaji humwongezea jina la mahali pake, Mutomo au Mwingi, na ukumbi mzima humgeukia mgeni. Kwa tendo hilo wimbo huchora ramani ya waliohudhuria usiku ule. Nakala isiyo na majina imepoteza ramani hiyo, na nakala yenye majina ya usiku mmoja ina haki ya kusomwa kama hati ya usiku huo.

Toni na mkazo

Wote haiko mbali na barabara kuu ya Mombasa, na bendi za Makueni hupata wachezaji kutoka Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, miji ya reli na malori ambamo Kiswahili husemwa mchana kutwa. Kakai Kilonzo alikwisha kuonyesha, kabla ya kufariki kwake mwaka 1987, kwamba bendi ya Kikamba ikiimba kwa Kiswahili huweza kupendwa nchi nzima bila kuiacha ngoma yake. Haishangazi, basi, kwamba kiongozi wa bendi alimwomba mwanafunzi wa Chuo Kikuu awapatie beti mbili za "Katelina" kwa Kiswahili.

Hapo ndipo utunzi-upya ulipoonyesha ugumu wake wa kiisimu. Kikamba ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha maneno, na urefu wa irabu nao hubeba maana. Kiswahili hakina toni. Kina mkazo, nao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi wa Kikamba akitaka kueleweka huyaacha mahadhi yafuate toni za maneno kwa kiasi fulani. Gitaa la solo hujifunza mahadhi hayo kutoka kwenye sauti na kuyarudia, hata likawa kama linazungumza. Maneno ya Kiswahili yakiwekwa juu ya mahadhi yaleyale, silabi yenye mkazo hujikuta mahali pa chini na ya mwisho hujikuta juu. Msikilizaji huyaelewa maneno, lakini husikia kana kwamba anayesema ni mgeni.

Beti za mwanafunzi zilikuwa na mizani sawa na za Kikamba, silabi kwa silabi. Kiongozi aliziimba mara moja na kusimama. Hakuomba zibadilishwe. Alimgeukia mpiga gitaa la pili, aliyekuwa kijana kuliko wote, na kijana huyo akaanza kulichelewesha pigo lake kidogo, ili mkazo wa Kiswahili ulikute gitaa badala ya kulitangulia. Mpiga solo akamfuata. Neno moja tu ndilo halikuhitaji kusogezwa, nalo ni jina lenyewe: Katelina hubeba mkazo wake wa Kiswahili bila taabu na hukaa pia katika mahadhi ya Kikamba. Kila ubeti ulilizunguka jina hilo kama mbuzi aliyefungwa kambani.

Mfano unaofaa kulinganishwa na huu ni wa Okot p'Bitek, aliyeitunga Wer pa Lawino kwa Kiacholi na kuitunga upya kwa Kiingereza mwenyewe, ikatolewa mwaka 1966 kwa jina la Song of Lawino. Wahakiki wameandika mengi juu ya kilichopotea na kilichopatikana katika safari hiyo. Tofauti ni kwamba Okot alikuwa mtu mmoja mwenye kalamu moja, na jina lake limo katika majalada yote mawili. Katika ukumbi wa Wote tafsiri ilifanywa na watu watatu, na aliyelitatua tatizo lake kubwa zaidi hakutumia neno hata moja.

Sahihi ya nani?

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la nadharia. Lebo ya santuri ilikuwa na nafasi ya jina la bendi na la mtunzi, na mtunzi aliyeandikwa aghalabu alikuwa kiongozi. Siku hizi wimbo husambazwa kwa simu na kuchezwa katika idhaa za Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM, na mirabaha, kama ipo, hufuata jina lililosajiliwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaitambua kazi ya watunzi wa pamoja, na inawapa watendaji haki zao. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi inaitambua jamii kuwa mwenye mali. Wimbo wa bendi umesimama kati ya sheria hizo mbili. Si mali ya jadi, kwa kuwa una mwanzo unaojulikana. Wala si mali ya mtu mmoja, ingawa karatasi inasema hivyo.

Kijana aliyelichelewesha pigo hawezi kwenda katika ofisi yoyote kudai kuchelewesha kwake. Mwanamke aliyeuliza swali la uki hana karatasi ya kuonyesha kwamba ubeti ule ni wake. Bendi nyingine ikiusikia na kuurekodi, utakuwa wa kiongozi wa bendi hiyo. Hasara yao si ya fedha peke yake. Katika historia ya fasihi ya Ukambani, itakapoandikwa, mwanamke huyo atakuwa mmoja wa "waitikiaji", na swali lake litasifiwa kuwa ubunifu wa mtu mwingine.

Wapo watakaosema kwamba mhakiki hana uwezo juu ya mirabaha, na kwamba kazi yake ni maana. Lakini maana yenyewe imefungamana na jambo hili. Anayesema kwamba "Katelina" ni wimbo unaomkebehi mwanamke, na anayesema kwamba ni wimbo unaowakebehi wanaume, wote wawili huweza kuwa wakweli kwa usiku mbili tofauti. Wakibishana bila kutaja ni nani aliyeimba, wapi, na mbele ya nani, ubishi wao hauna mwisho, maana kila mmoja anauzungumzia wimbo wake.

Hitimisho

Kutokana na mfano huu mambo matatu yanaweza kupendekezwa kwa wanaotafiti nyimbo za bendi katika Kitui, Makueni na kwingineko. Kwanza, nakala ya wimbo itaje mahali, tarehe, mwimbaji na hadhira, na itaje pia iwapo wimbo umeshushwa au kupandishwa, kwa kuwa mara nyingine kushuka kwa sauti ndiko kunakobadilisha msemaji. Pili, sehemu ya magitaa isiruke katika daftari. Hata pale ambapo mhakiki hana ujuzi wa kuandika nota, anaweza kuandika ni gitaa lipi lililoingia, ni nani aliyelijibu, na ni mstari gani uliozaliwa humo. Tatu, kila aliyechangia aulizwe kama anapenda jina lake liandikwe, na akikubali liandikwe, hata kama mchango wake ni kuchelewesha pigo moja.

Masharti haya yataifanya kazi kuwa nzito. Mwanafunzi aliyedhani kwamba atanakili nyimbo kumi katika mwisho mmoja wa juma atarudi na wimbo mmoja, tena ukiwa katika sura tatu zisizokubaliana. Hilo lisihesabiwe kuwa upungufu. Sura hizo tatu ndizo zitakazomwezesha msomaji wa baadaye kuona kwamba palikuwa na njia nyingine, kwamba mistari fulani ilijaribiwa na kuachwa, na kwamba aliyeuliza swali gumu kuliko yote katika wimbo ule alikuwa amesimama nyuma, mbali na maikrofoni ya kiongozi.